Ful Tawa: Kasha Kubwa la Kompyuta Linapimwaje?

Mteja wangu mmoja, mhariri wa video za harusi, alikuja na orodha ya vifaa alivyotaka nimuunganishie. Juu kabisa, kabla hata ya prosesa, alikuwa ameandika: "Kasha kubwa kuliko yote, ili mashine isipate joto." Nikamuuliza kwa nini liwe kubwa. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini maji yanalowesha. "Fundi, chumba kikubwa si ndicho chenye hewa nyingi?"

Hoja yake inaingia akilini, ndiyo maana wengi wameilipia. Kasha la ful tawa ni bei, ni uzito, ni nafasi ya chini ya meza, na mara nyingi hununuliwa kwa kutazamwa tu: ni refu, lina kioo, lina taa. Pembeni kuna karatasi ya maelezo yenye namba za kushangaza, kadi ya grafiki ya urefu huu, rejeta tatu za kupoza kwa maji, feni kumi na nane, diski kumi na kitu. Namba hizo si za uongo. Shida yake ni kwamba kila moja imepimwa kasha likiwa tupu, na hakuna anayenunua kasha likae tupu.

Tuelewane kwanza kwenye majina. Mitaani kwetu boksi lote la kompyuta ya mezani huitwa sipiyu, hata mtu akisema "sipiyu yangu imeungua" inabidi umuulize kama ni prosesa au ni kila kitu. Hapa ninaposema kasha ninamaanisha ile nyumba ya chuma peke yake, haijaingia hata skrubu ya ndani.

Na hiyo "ful tawa" yenyewe haina kipimo rasmi. Kiwango cha ATX, ambacho Intel ilikitoa mwaka 1995 na ambacho bado ndicho tunachofungia mashine nyingi za mezani, kinasema mazabodi, ule ubao mkuu unaobeba prosesa na kadi, iwe na ukubwa gani, matundu yake ya skrubu yakae wapi, na pawa saplai, boksi la kulisha mashine umeme, ishikiliwe vipi. Hakisemi kasha liwe na kimo gani. Kwa hiyo mid tawa na ful tawa ni maneno ya wauzaji. Kwa mazoea, mid tawa ina kimo cha sentimita 45 hadi 50 hivi. Likivuka 55 muuzaji anaanza kuliita ful. Define 7 XL ya Fractal Design, iliyotoka 2020, ina kimo cha milimita 566, upana wa 240, na kutoka mbele hadi nyuma ni 604. Ukizidisha unapata lita 82. Obsidian 1000D ya Corsair, ya mwaka 2018, inafika karibu lita 148 na uzito unaokaribia kilo 30 kabla hujaweka chochote. Wenyewe wakaona ful haitoshi, wakaliita supa tawa. Makasha mawili ya ukoo mmoja, na moja linakaribia kuwa mara mbili ya lenzake. Ukisikia jina, omba vipimo.

Zamani jina hilo lilikuwa na maana iliyo wazi zaidi. Kompyuta za IBM PS/2 Model 60 na Model 80 za mwaka 1987 zilisimama sakafuni kama kabati, na miaka iliyofuata urefu wa kasha ulihesabiwa kwa nafasi za mbele za inchi 5.25, zile za kuwekea CD-ROM. Kama uliwahi kuingia kwenye kibanda cha kudurufu CD za muziki ukaona mnara wenye vidroo vinavyofunguka kimoja juu ya kingine, basi umeshaona kazi ya mnara. Leo vidroo hivyo vimekufa. Diski za haraka zimekuwa kipande kama cha bazoka kinacholala juu ya mazabodi yenyewe. Kilichobaki cha kujaza kasha refu ni vitu vinne: mazabodi pana, kadi ya grafiki ndefu, rejeta za kupoza kwa maji, na diski nyingi za kuhifadhia. Usipokuwa na hata kimoja kati ya hivyo, funga ukurasa huu ukanunue mid tawa. Chenji itakayobaki ongeza kwenye pawa saplai.

Ukiwa nacho, ndipo hesabu ya kutoa inapoanza.

Tuanze na mazabodi, kwa sababu ndiyo yenye mtego wa kimyakimya. ATX ya kawaida ni milimita 305 kwa 244. E-ATX, ile pana zaidi, kwa kipimo chake kamili ni 305 kwa 330. Lakini neno E-ATX limechakaa: mazabodi nyingi za wacheza gemu zinazobeba jina hilo zina upana wa 277 hivi, na makasha mengi yanayoandika "E-ATX inaingia" yanazungumzia hizo, kwa herufi ndogo pembeni. Mwenye ubao wa kazi nzito, wenye prosesa mbili, anakuja kugundua siku ya kufunga kwamba ukingo wake umefunika matundu yote ya kupitishia nyaya, au haulali kabisa. Ukiona E-ATX tafuta milimita zake. Zisipokuwepo, chukulia 277.

Kadi ya grafiki sasa. Tuseme kasha limeandikwa kwamba linapokea kadi ya hadi milimita 450. RTX 4090 iliyotengenezwa na NVIDIA wenyewe ina urefu wa 304. Zile za kampuni nyingine nyingi zinapita 330, na zipo zinazovuka 350. Unaona ziada ya sentimita kumi, unapumua. Weka rejeta mbele. Zile za kununua zikiwa zimeshajazwa maji kiwandani huwa na unene wa milimita 27, na feni yake 25: jumla 52. Ile 450 imeshuka hadi 398. Bado hujambo. Lakini anayenunua kasha la ukubwa huu mara nyingi ndiye yule yule anayetaka rejeta nene ya 60 yenye feni pande zote mbili, 25 huku na 25 kule. Hizo ni 110, na sasa umebakiwa na 340. Kadi ya 336 inaingia kwenye karatasi. Kwenye chuma ni hadithi nyingine, kwa sababu kadi haisukumwi ndani ikiwa imenyooka. Unaiinamisha, unatanguliza bamba lake la nyuma, kisha unaishusha kwenye sloti, na ncha ya pili inahitaji pa kuzungukia. Mimi huacha sentimita mbili. Chini ya hapo utaishia kufungua rejeta kila unapotaka kutoa kadi, na rejeta ikifunguliwa mara nyingi siku moja itakuvujia.

Halafu watengenezaji hawapimi kwa namna moja. Yupo anayehesabu urefu wa kadi feni za mbele zikiwa zimefungwa, yupo anayehesabu kuanzia kwenye chuma tupu. Tofauti ya milimita 25 haionekani kubwa mpaka ikukute wewe.

Upana ni mahali ambapo ful tawa inaanza kunishawishi. Watu hutazama kimo cha kipoza prosesa tu. NH-D15 ya Noctua ina milimita 165, na kasha lenye upana wa 240 hulimeza hilo bila shida. Jambo zito zaidi liko kwenye kadi. Waya wa umeme wa kadi za sasa huchomekwa kwenye ukingo unaotazama kioo, kwa kiunganishi kidogo cha pini 16. Mwishoni mwa 2022 zilienea picha za viunganishi hivyo vikiwa vimeyeyuka, na NVIDIA ilieleza kwamba sababu kuu ilikuwa kutosukumwa hadi mwisho. Ushauri uliotolewa tangu hapo ni kuacha waya unyooke kama milimita 35 kabla ya kukunjwa. Kadi yenye upana wa 150, ukiongeza 35, ni 185 kabla hujafika kwenye kioo. Kwenye makasha mengi membamba kioo ndicho kinachoukunja waya, kila siku, mashine ikiwa inawaka. Nimeshaona mtu akikifunga kwa kukisukuma na goti. Kasha pana linamaliza ugomvi huo moja kwa moja, na kwa kadi inayovuta wati 450 hiyo ni sababu tosha ya kulipia ukubwa.

Diski nazo zina hesabu yao. Ile Define 7 XL inatangazwa kwamba inabeba diski 18. Ni kweli, lakini kwa kuugeuza ukuta wake wa ndani usogee kuwa upande wa kuhifadhia, na ukishausogeza, nafasi ya kadi na ya rejeta ya mbele inapungua. Zaidi ya hapo, trei zinazokuja ndani ya boksi ni chache kuliko hizo 18; nyingine unanunua. Sioni ubaya wowote, kasha lenyewe ni zuri. Ubaya ni kulipia 18 akilini ukiwa na trei za sita mkononi. Na kwenye trei kuna kitu kidogo ambacho wauzaji hawakitaji kamwe. Diski ngumu nyingi za inchi 3.5 zenye ujazo mkubwa zimeondolewa matundu ya skrubu ya katikati upande wa tumbo. Yamebaki ya pembeni. Trei za muundo wa zamani zilitobolewa kwa yale ya katikati. Matokeo yake diski ya terabaiti kumi na kitu inashikwa na skrubu mbili badala ya nne, na kitu kinachozunguka mara 7,200 kwa dakika kikishikwa upande mmoja hakikosi kunguruma. Kwa mwenye studio inayohifadhi harusi za miaka mitano, angalia matundu kabla ya kuangalia taa.

Turudi kwa mteja wangu na chumba chake kikubwa.

Chukua mashine yenye kadi ya wati 450 na prosesa ya wati 150. Zikifanya kazi kwa nguvu zote, kasha linapokea wati 600 za joto, kama pasi ya umeme iliyowashwa moto wa wastani na kufungiwa ndani. Hewa hubeba joto kwa kiasi kinachojulikana. Ukitaka hewa inayotoka nyuma iwe na nyuzi 10 tu zaidi ya ile iliyoingia mbele, lazima zipite lita 50 kila sekunde. Fikiria madumu ya lita 20: mawili na nusu, kila sekunde, bila kupumzika, kwa muda wote video inapochakatwa.

Sasa tafuta ukubwa wa kasha kwenye hesabu hiyo. Haumo. Kasha la lita 82 likipitisha lita 50 kwa sekunde linabadilisha hewa yake yote kila baada ya sekunde moja na nusu na ushee. La lita 148 linabadilisha kila sekunde tatu. Tofauti kati ya ful tawa na supa tawa, kwa upande wa akiba ya hewa, ni pumzi moja. Ukitaka kuona vizuri zaidi, ziba matundu yote ya lile la lita 82: wati 600 zingepandisha joto la hewa iliyomo kwa nyuzi kama 6 kila sekunde, ukiacha kinachonyonywa na chuma. Chumba kikubwa kisicho na dirisha ni tanuri kubwa. Watu wa pwani wanalijua hili bila hesabu. Hakuna anayejenga sebule pana Tanga akasahau kuacha madirisha yanayotazamana.

Kwa hiyo kinachopimwa ni mlango wa kuingilia, mlango wa kutokea, na njia iliyo kati yake. Feni nzuri ya milimita 140 huandikwa kwamba inasukuma kama mita za ujazo 100 kwa saa, ikiwa hewani wazi. Lita 50 kwa sekunde ni mita za ujazo 180 kwa saa. Ukiweka wavu, chujio na kona mbele ya feni, sehemu kubwa ya nguvu yake inapotea, kwa hiyo badala ya mbili weka tatu mbele, na moja au mbili za kutolea. Basi. Hizo nafasi kumi na nane za feni ni za kukupa uchaguzi wa mahali pa kuweka, na nyingi kati yake ndizo nafasi zile zile ambazo karatasi ya maelezo ilikuuzia kama za rejeta.

Njia yenyewe ndiyo inayosumbua kwenye makasha makubwa kuliko madogo. Hewa ni mvivu, hupita pasipo na kazi. Ndani ya ful tawa kuna uwanja mpana chini ya kadi na mbele yake, na hewa baridi inaweza kuzunguka huko ikatoka bila kugusa kitu chenye moto. Kosa ninaloliona zaidi ni feni ya juu iliyo karibu na uso wa kasha, ikiwa imewekwa kutoa hewa: inainyonya hewa mbichi hatua mbili tu baada ya kuingia, na kuitupa darini. Ukiwa na feni mbili za juu, ziweke kuelekea nyuma, juu ya prosesa. Ile nafasi ya mbele iache wazi au izibe kabisa. Mteja akiona nafasi tupu hudhani umemwibia feni, lakini hilo ni jambo la kueleza.

Na uso. Kuanzia katikati ya miaka ya 2010 ilikuja mitindo ya kufunika uso wa kasha kwa kioo au bamba zima, hewa ikaachiwa mfereji wa kidole kimoja pembeni. Yalipendeza kwenye picha. Baadaye nyavu zikarudi, na makampuni yakaanza kuuza kasha lile lile kwa nyuso mbili, la bamba na la wavu. Corsair walipotoa 5000D mwaka 2021 walitoa na 5000D Airflow. Chasisi ni moja, uso tofauti. Mimi ningechukua la wavu bila kufikiri mara mbili, isipokuwa kwa mtu wa studio ya sauti ambaye kila mlio ni hasara kwake, na huyo nitamwambia ukweli kwamba ananunua ukimya kwa joto.

Kupima hakuhitaji maabara. Dukani, mashine ya maonyesho ikiwa inawaka na uso wake umefungwa, chukua karatasi nyepesi, risiti inatosha, uipeleke kwenye wavu wa mbele. Ikinaswa na kubaki, mlango unavuta. Ikianguka, ondoa uso ujaribu tena. Ikinaswa sasa, umeshajua nani mchawi. Nyumbani fanya hivi: ipe mashine kazi nzito kwa nusu saa, andika joto la prosesa, la kadi, na la chumba. Ondoa uso wa mbele, rudia. Nyuzi mbili tatu za tofauti hazina neno. Zikifika kumi, kasha lako linajinyonga lenyewe. Na usilinganishe namba zako na za mtu aliye London wakati wa baridi: yeye chumba chake kina nyuzi 20, wewe Dar es Salaam mwezi wa pili una 32. Toa joto la chumba kwanza, linganisha kinachobaki.

Jaribio hilo ndilo nililomfanyia mhariri wangu, kwa sababu alikuwa ameshanunua. Lilikuwa kasha kubwa kweli, jina lake tuliache, uso wote kioo cheusi. Tuliweka harusi moja ichakatwe, feni zikaanza kulia kama bodaboda inayopanda mlima. Nilipokivuta kile kioo cha mbele mlio ukashuka kabla sijakiweka chini, na namba kwenye skrini zikaanza kuteremka moja moja, zikapita kumi. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama anaweza kuliacha hivyo hivyo bila uso. Aliliacha. Limekaa hivyo mwaka wa pili sasa, na paka wa nyumba ameambiwa.

Vumbi linafuata hewa, kwa hiyo chujio ni sehemu ya upimaji. Feni za kuingiza zikizidi za kutoa kwa nguvu, hewa ya ziada hutokea kwenye nyufa na vumbi halipati pa kupenyea ila kwenye chujio. Hiyo ndiyo hali unayoitaka. Lakini swali langu huwa moja: chujio la chini, lile la pawa saplai, linavutwa kutokea upande gani? Yako makasha ambayo linatokea nyuma. Kwa kasha dogo haidhuru. Kwa ful tawa iliyojaa, yenye kilo 25 na zaidi, ikiwa imesukumwa ukutani chini ya meza, hakuna binadamu atakayeivuta kila wiki mbili ili akung'ute chujio. Litasafishwa mara moja, siku ya kwanza. Linalovutwa kwa mbele ndilo litakalosafishwa.

Nyaya zina ujanja wao. Kasha refu linaweka pawa saplai sakafuni na prosesa kwenye ghorofa ya tatu. Waya wa pini nane wa prosesa inabidi upite nyuma ya ubao wote, upinde juu, uingie kwenye kona ya juu kabisa. Kwa mid tawa waya wa sentimita 60 unatosha. Kwa ful tawa nimeshaushuhudia ukikata tamaa vidole vinne kabla ya kufika, mteja amesimama nyuma yangu. Unaishia kuupitisha kimshazari juu ya mazabodi kama kamba ya kuanikia nguo. Soma urefu wa waya kwenye maelezo ya pawa saplai, utafute 70 au zaidi, au nunua nyongeza mapema. Nyuma ya bamba la mazabodi kuwe na upenyo wa angalau sentimita mbili. Ule waya mnene wa pini 24 hautaki kubishana.

Chuma unakijua kwa mkono. Ondoa mabamba yote mawili ya ubavuni, shika kona mbili za juu zinazokabiliana, jaribu kuyumbisha kama unavyojaribu meza. Fremu ya kasha refu lenye chuma chembamba inajisokota, na ikijisokota matundu ya skrubu ya mazabodi hayakai sawa na vile vinguzo vidogo vya shaba. Gonga ubavu kwa kifundo cha kidole: ukilia kama debe, feni na diski zitakuja kuliimbisha hilo debe. Kwa walio Mombasa, Zanzibar na kote kwenye chumvi, pitisha kidole kwenye kingo zilizokatwa, ndani, chini ya sloti za kadi. Chuma cha makasha hupakwa zinki kabla ya kukatwa, kwa hiyo ukingo uliokatwa na usiopakwa rangi ndipo kutu inapoanzia.

Kuhusu kioo cha ubavuni nina neno moja, na linahusu sakafu zetu. Kioo kilichoimarishwa kinavumilia kofi, lakini ukingo wake ni mwepesi kujeruhiwa na vigae vya sakafu, maana kauri ni ngumu kuliko kioo. Ukikiegemeza ukutani ukiwa umekisimamisha kwenye vigae wazi, mchubuko mdogo kwenye kona unatosha: kinapasuka chote kwa mpigo, na unabaki umeshika hewa, chembe zimeenea mpaka chini ya friji. Tandika mkeka, taulo, hata gazeti. Kilaze, usikisimamishe.

Imebaki safari, na hapa ukubwa unatoza ushuru ambao haumo kwenye bei ya kasha. Ukiagiza kwa ndege, tuseme kutoka Dubai, msafirishaji hupima uzito, kisha hupima boksi kwa sentimita, anazidisha pande tatu na kugawa kwa 6,000, au 5,000 kwa wengi wa wasafirishaji wa haraka. Kinachokuwa kikubwa ndicho unacholipia. Boksi la ful tawa lenye sentimita 70 kwa 35 kwa 65 linatoka kilo 26 na nusu kwa mgawanyo wa kwanza, karibu 32 kwa wa pili, hata kama mizani inasema 20. Unalipia hewa iliyomo ndani, ile ile ambayo tumeona haipozi chochote. Wanaokusanya mizigo ya kontena hutoza kwa ujazo vilevile, ila kwa bei inayovumilika. Kama hakuna haraka, meli.

Likishajaa vifaa na linatoka Dar kwenda Mwanza kwa basi, toa kadi ya grafiki, uifunge kwenye boksi lake, uibebe mapajani. Kadi ya kilo mbili ikining'inia kwenye sloti kwa zaidi ya kilomita 1,100 za matuta itafika na sloti mkononi. Kasha lilazwe ubavu, mazabodi ikitazama juu, ili uzito wa kipoza uikandamize prosesa badala ya kuivuta. Toa kioo, kifunge kwa blanketi. Na kabla hujamkabidhi konda, muoneshe upande wa juu ni upi, uuandike kwa kalamu ya wino mzito pande zote nne, kwa sababu anayepakia Dar siye atakayepakua.